Maji hayajui kama umeweka tailizi

Haya jamani, mnasikia huko nyuma? Asiyesikia anyooshe mkono. Wewe kijana, kama husikii umenyooshaje mkono sasa, hebu sogea mbele viti vipo. Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, na kina mama mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za sakafu ya bafu nawashukuru sana, najua wengine mmekuja kwa sababu bafu la nyumbani linavuja na fundi hapokei simu.

Kabla sijaanza angalieni hapa mezani. Kuna tailizi mbili zimeunganishwa na grauti, yaani ule ujazo wa mistari ya katikati ya tailizi, grauti ya kawaida ya saruji, ina wiki tatu tangu ikauke. Kuna hili sanduku la plaiwudi, vijana wangu wamelipaka watapurufu ndani, ile dawa ya kuzuia maji yasipite, na wakaliwekea trepu katikati, lile tundu la kutolea maji sakafuni, kama bafu kamili ila dogo, jana asubuhi tukaziba tundu tukajaza maji na tukachora mstari kwa kalamu pale maji yalipofikia. Na pembeni kuna ndoo ya maji, nayo ina mstari. Ndoo mtaijua kazi yake baadaye.

Sasa nachovya kidole, naweka tone moja juu ya tailizi na tone jingine juu ya grauti. Mama wewe hapo mbele, samahani, njoo uwe macho ya wenzako. La kwenye tailizi limekaaje? Limekaa duara kama shanga. Na la kwenye grauti? Anasema halipo. Limebaki doa tu, doa jeusijeusi. Basi mama niambie, limekwenda wapi? Limekwenda chini, asante sana, kaa.

Mada yangu yote ni hilo tone. Watu wengi, na mafundi tumo, tunaamini kinachozuia maji bafuni ni tailizi na grauti, na tailizi yenyewe kweli haipitishi, lakini mistari ya katikati inakunywa, na ile gundi au udongo uliolazia tailizi, udongo namaanisha mchanga na saruji, nao unakunywa, kwahiyo kila mtu akioga kuna maji kidogo yanashuka chini, leo kidogo kesho kidogo, na kwenye bafu la wazi, namaanisha lile ambalo halina beseni la shawa, sakafu nzima inalowa, hakuna kona utakayosema hii haioni maji. Yale maji yakishashuka yanatafuta njia ya kutoka, usipoyatengenezea njia yanajitafutia wenyewe, na huwa yanaichagua dari ya jirani wa chini.

Ule msemo wa usipoziba ufa mnaujua wote, shida yetu sisi watu wa bafu ni kwamba ufa wenyewe umelala chini ya tailizi na huuoni mpaka ukuta wa chumba cha pili uanze kuvimba rangi.

Tuanze na mteremko, hapa nitakaa sana nivumilieni, kwa sababu hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko pengine popote. Mtu anajua sakafu ya bafu inatakiwa iteremke kwenda kwenye trepu, hilo hata mtoto anajua. Kosa ni mteremko anaouweka wapi. Anachukua zege lake lililolala bapa kama meza, anapaka watapurufu juu yake hivyohivyo bapa, halafu mteremko anautengeneza juu ya watapurufu kwa ule udongo wa kulazia tailizi. Kwa macho kazi ni safi, ukimwaga maji yanakimbilia kwenye trepu, mwenye nyumba anapiga makofi. Lakini lile tone letu likishuka kwenye grauti linapita kwenye udongo linakutana na watapurufu iliyolala bapa, linakaa hapo, haliendi popote, kesho linapata mwenzake. Baada ya miezi una dimbwi lililofichwa chini ya tailizi, bafu linanuka harufu ambayo sabuni haitoi, grauti inakuwa nyeusi haikauki hata mkisafiri, na chumvi nyeupe inaanza kutoka kwenye mistari kama unga. Watu wanabadilisha trepu wanafikiri harufu inatoka kwenye bomba la maji machafu, kumbe wanaoga juu ya kinamasi chao wenyewe.

Kwahiyo mteremko unakaa CHINI ya watapurufu. Unatengeneza sakafu ya mchanga na saruji, kipimo cha moja kwa tatu au moja kwa nne, udongo mkavukavu ule ukiukamata mkononi unashikana ukifungua kiganja hauchuruziki, unaupa mteremko kamili, halafu watapurufu inakuja kufuata mteremko huohuo. Mteremko kiasi gani? Milimita 15 mpaka 20 kwa kila mita. Chukua pimamaji na rula usikadirie kwa jicho. Kama mlango uko mita mbili kutoka kwenye trepu basi mlangoni patakuwa juu kama sentimita 4 hivi, na hizo sentimita 4 lazima uzifikirie kabla zege halijamwagwa, siyo siku ya tailizi unashangaa bafu limekuwa juu kuliko chumba. Ukizidisha sana nayo ni shida, mtu mwenye miguu ya uzee anasimama kama yuko kwenye paa.

Na fikiria tailizi yako kabla ya mteremko. Trepu ikiwa katikati sakafu inateremka pande nne, tailizi kubwa hazikunji, itabidi uzikate mishazari kama bahasha iliyofunguliwa. Wengine wanatumia mozaiki ndogondogo zinafuata umbo bila tabu, wengine wanaweka ile trepu ndefu ya mstari kwenye ukuta mmoja, sakafu inateremka upande mmoja tu na tailizi kubwa zinalala vizuri. Mimi napenda hiyo ya mstari lakini hilo ni penzi langu, msigombane na wateja kwa ajili yangu.

Hiyo sakafu ya mteremko ukiimwaga juu ya zege la zamani lazima ishikane nalo. Ulikwangue zege, ulifagie, ulilowanishe, upake uji wa saruji kwa brashi na umwage udongo wakati uji bado mbichi, uji ukikauka umeshaweka karatasi katikati ya mikate miwili. Ikishikana hivyo, pale kwenye trepu ambapo ni pembamba kuliko pote usishuke chini ya milimita 25. Halafu funika na nailoni, usiiache ipigwe na upepo, wiki nzima ibaki na unyevu ndipo uiache ikauke.

Mzee pale anatikisa kichwa, najua, anafikiria siku. Mzee wangu siku ndiyo vifaa vyenyewe. Saruji inachukua siku 28 kufikia nguvu inayohesabiwa, na kukauka ni habari nyingine kabisa, kwa kukadiria sakafu ya mchanga na saruji inakauka milimita moja kwa siku kukiwa na hewa nzuri, piga hesabu ya milimita 40. Zipo watapurufu za unga wa saruji unaochanganya na maji yake ya gundi, hizo zinavumilia sakafu yenye unyevunyevu ilimradi maji hayajatuama, na zipo za ndoo, za kimpira, hizo ukizipaka kwenye sakafu mbichi zinavimba malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya. Mfuko au ndoo imeandikwa nyuma isubiri nini, na yale maandishi siyo mapambo. Ukitaka kujua kama imekauka chukua kipande cha nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, ondoka urudi kesho. Ukikuta jasho chini ya nailoni au sakafu pale imekuwa nyeusi kuliko pengine, rudi nyumbani kapumzike.

Siku ya kupaka ikifika usikimbilie brashi. Piga magoti. Gongagonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo, pakilia kopo hapajashikana, bomoa ujaze upya. Kwaruza kwa msumari, ukitoa unga mweupe laini hayo ni maziwa ya saruji yaliyopanda juu, yasugue yote yatoke maana watapurufu itashika yale maziwa vizuri kabisa halafu maziwa yataachana na sakafu. Dondosha tone la maji hapo tena, likinywewa sawa, likikaa kama shanga kuna mafuta au kemikali. Kuta nazo ziangalie, bodi ya jasi ya kawaida kwenye eneo la shawa ni kosa, ikilowa inakuwa uji, weka bodi ya saruji au lipu ya mchanga na saruji. Na kwa wenye sakafu za mbao sina mengi, hakikisha haichezi hata kidogo, ukiruka na glasi ya maji mezani ikatikisika basi hata tailizi itapasuka.

Na fundi bomba awe AMEMALIZA. Mabomba yamepimwa kwa presha kabla hayajafukiwa, trepu imekaa, haichezi, na usawa wake umeshapimwa. Nimeshakuta mtu amepaka watapurufu vizuri mno, ya bei mbaya, halafu kesho yake fundi bomba anakuja na tindo anapasua katikati anaingiza trepu anajazia na saruji. Sasa ile watapurufu ni ya nini? Ni koti la mvua lililotobolewa kifuani.

Trepu ya kununua ni ile yenye bapa pana pembeni, kama ukingo wa kofia. Watapurufu inatakiwa ipande juu ya lile bapa na kushikwa pale, siyo kuishia karibu yake. Mengine yana pete ya kubana na skrubu. Na yawe na vitundu au nafasi ya kupitisha yale maji yaliyoko chini ya tailizi, usivizibe kwa udongo, weka vikokoto vidogo kuzunguka.

Ngoja niwape aibu yangu. Kuna bafu nililifanya miaka ya nyuma, mteremko sawa, watapurufu sawa, nilijaza maji siku nzima hayakushuka, nikajisifu. Baada ya kama miezi sita napigiwa simu, rangi ya chumba cha kulala inabanduka nyuma ya mlango, usawa wa kifundo cha mguu. Wakamwita fundi bomba, akavunja ukuta mara mbili, akakuta bomba halina kasoro. Nikaenda mwenyewe. Fremu ya mlango kwa chini imekuwa nyeusi, nikasukuma ufunguo wa pikipiki ukaingia kama kwenye keki. Nikang'oa tailizi ya kwanza mlangoni. Udongo chini yake umelowa tepetepe, nikaukwangua, chini naiona watapurufu yangu inang'aa, haina hata mchubuko! Nikakaa pale sakafuni natafakari imekuwaje, na mwenye nyumba, mama mtu mzima, amesimama juu yangu na kikombe cha chai ambacho hakuninywesha.

Ilikuwa hivi. Mlangoni nilikuwa nimeishia watapurufu bapa, kama zulia linavyoishia. Maji yanatembea juu ya watapurufu ndani ya udongo, pale karibu na mlango mteremko niliulegeza ili mlango upite, basi yakafika ukingoni yakamwagikia chumbani kwa raha zao. Na kwenye kupima je, mbona hayakutoka? Kwa sababu siku ya kupima niliweka kipande cha mbao na udongo wa mfinyanzi mlangoni kuzuia maji, na nilipomaliza nikakitoa. Yaani nilipima kizuizi ambacho sikukiacha. Nililipa mwenyewe, fremu, rangi, na kuta mbili za fundi bomba pia.

Tangu siku hiyo mlangoni naweka kizuizi cha kudumu, kipande cha pembe ya alumini au cha jiwe, nakigandisha chini, na watapurufu inapanda juu yake mpaka usawa wa chini ya tailizi. Hakionekani kazi ikiisha.

Sasa kupaka. Praima kwanza, ule mpako wa kushikisha, kama ndoo inataka praima. Kisha kona, kona kabla ya uwanja, uwanja ni ile sehemu bapa iliyobaki. Sakafu na ukuta vinacheza kila kimoja kivyake, joto likipanda likishuka, na watapurufu peke yake kwenye kona itakatika. Unapaka, unalaza tepu ya kona ikiwa mbichi, unaikandamiza hadi ilowe isibaki na hewa, unapaka juu yake. Kwenye bomba linalotoka ukutani kuna kola zake za mpira, weka. Ukutani panda angalau sentimita 15 kuzunguka bafu zima, na kwenye shawa panda hadi mita 1.8 au 2, juu ya kichwa cha shawa ni bora zaidi.

Uwanja unapakwa mikono miwili, yaani mara mbili, wa kwanza unavuta huku, umekauka, wa pili unavuta kwa kukatiza. Kama unaweza kupata rangi mbili tofauti nunua, pale rangi ya kwanza inapochungulia unajua umeruka. Na tafadhali jamani msipake kama rangi ya ukuta! Hesabu ni nyepesi, lita moja ukiitandaza kwenye mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita moja mbichi, na ikikauka inapungua kwa sababu maji yake yanaondoka. Chukua bafu la mita 2 kwa 1.5, sakafu mita 3 za mraba, ile ya kuzunguka chini ya ukuta kama mita moja, kuta mbili za shawa upana mita moja moja kwa urefu wa mita 2 hizo ni 4, jumla karibu 8. Watapurufu ya ndoo kwa kawaida inataka kama kilo moja na nusu kwa mita kwa mikono yote miwili. Hiyo ni kilo 12. Halafu mtu anakuja na kopo la kilo 4 na linamtosha, na linabaki la kurudi nalo nyumbani! Alichoweka ni kivuli cha watapurufu.

Dada umeuliza je ile lami nyeusi ya kupaka kwenye paa, rahisi si inafaa? Kuzuia maji inazuia dada yangu, ila gundi ya tailizi haiishiki lami, tailizi zitakuja zote na gundi yake mkononi. Tumia kitu kilichoandikwa kwamba kinakaa chini ya tailizi.

Ikikauka, pima. Ziba trepu, na kama unavyoona mlangoni kizuizi kipo tayari, jaza maji sentimita 3 hadi 5 sehemu ya kina, chora mstari, yaache saa 24 kamili, na umtume mtu akaangalie dari ya chini kama ni ghorofa. Funga mlango na ufunguo uweke mfukoni wewe, siyo mtu mwingine, kwa sababu kati ya watapurufu na tailizi ndipo kila mtu anakuwa na shida ya kuingia bafuni na buti na ngazi. Wa kufunga sinki la choo anataka kutoboa sakafu kwa ajili ya skrubu, mwambie tutaongea, choo kinaweza kushikwa kwa gundi au kila tundu lijazwe silikoni kabla skrubu haijazama.

Tailizi zenyewe siku nyingine, ila mawili tu. Usiweke yale madonge matano ya udongo nyuma ya tailizi, katikati yake panabaki mapango na maji yanahamia humo, paka gundi kwa mwiko wa meno ijae nyuma yote. Na kona za sakafu na ukuta zisijazwe grauti, weka silikoni.

Sasa turudi kwenye sanduku. Wewe kijana uliyenyoosha mkono, chukua rula. Mstari wa kwenye sanduku, maji yameshuka ngapi? Milimita 6. Msigune kwanza. Maji yanakauka kwa hewa, tangu jana asubuhi lazima yapungue, ndiyo maana nikaweka ndoo pembeni, ndoo haina trepu wala kona, ikishuka ni hewa tu. Ndoo imeshuka ngapi? Mbili. Rudia kupima. Mbili.

Sita toa mbili ni nne.

Ah. Jamani hii sikuipanga. Nani kati yenu vijana alipaka huku kwenye trepu? Usijifiche nyuma ya mwenzako, hakuna anayekupiga, mimi mwenyewe nimelipa kuta mbili. Leteni tochi, na nyie wawili shikeni upande huu tuliinue taratibu tuone chini yake, mama sogeza mkoba wako hapo utalowa.